Kazi ya Fundi wa Vitasa: Faida Yake, Hatari Zake na Uaminifu Wake



Kila usiku, mjini na shambani, watu hufanya jambo moja kabla ya kulala: hufunga mlango. Tajiri hugeuza ufunguo mara mbili, maskini hutia pingo au kufuli ya bei rahisi, na wote wawili hulala wakiamini kwamba kipande kile cha chuma au cha mti kitawalinda hata asubuhi. Ni wachache wanaomfikiria mtu aliyekitengeneza, na wachache zaidi wanaokumbuka kwamba mtu huyo, au mwenziwe wa kazi moja naye, aweza kukifungua bila ya ufunguo. Mazungumzo haya yanamhusu yeye, yaani fundi wa vitasa na kufuli. Swali lenyewe ni hili: je, kijana mwema aweza kujifunza kazi hiyo na kuishi kwayo, bila ya kupoteza jina lake wala uhuru wake?

Na uchukuliwe mfano wa kijana mmoja wa Kaloleni, katika Kaunti ya Kilifi. Jina lake halina haja, kwa kuwa vijana wa namna yake ni wengi. Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani miaka miwili bila ya kazi ila vibarua vya siku moja moja. Mjomba wake alikuwa na meza ya kazi huko Mwembe Tayari, Mombasa. Juu ya meza ile palikuwa na mashine ndogo ya kuchonga funguo, jiliwa, na tupa za kila namna. Na nyuma yake ubao ulioning'inizwa funguo nyingi zisizochongwa bado. Mjomba alileta habari kwamba macho yake yameanza kuchoka, naye ataka msaidizi. Kijana alifurahi. Mama yake hakufurahi.

"Kaka," alisema mama, "wewe watu wanakujua kuwa mwaminifu. Lakini huyu bado ni kijana. Ukimfundisha kufungua milango ya watu, siku atakayolala na njaa ataukumbuka ujuzi huo. Sikumsomesha ili awe mwizi mwenye cheti."

Mjomba hakukasirika. "Dada, neno lako si la kupuuzwa," alijibu. "Mpe mwezi mmoja akae nami atazame. Ukiisha mwezi, ataamua yeye, nawe utaamua pamoja naye."

Hofu ya mama huyu si ngeni duniani, wala si ya Pwani peke yake. Wengi wameisikia habari ya Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, ambaye alipenda sana kazi ya vitasa, hata akawa na karakana yake mwenyewe. Mwalimu wake katika kazi hiyo alikuwa fundi mmoja, François Gamain. Siku za mapinduzi zilipofika, fundi huyo alitengeneza kabati la chuma lililofichwa ndani ya ukuta wa jumba la Tuileries, mjini Paris, na humo mfalme aliweka barua zake za siri. Mwezi wa Novemba 1792 Gamain alikwenda kwa waziri Roland akamfichulia siri hiyo. Barua zikatolewa, zikatumiwa katika kumshitaki mfalme, naye akauawa tarehe 21 Januari 1793. Mwaka wa 1794 serikali ya mapinduzi ilimpa fundi yule malipo ya kila mwaka.

Wako wanaosema kwamba Gamain aliitumikia nchi yake, na wako wanaosema kwamba alimsaliti mtu aliyemwamini. Shauri hilo ni la wanahistoria. Kwa wenye kazi ya vitasa, fundisho ni moja tu: kabati lilikuwa imara na ukuta ulikuwa imara, kilichofunguka ni kinywa cha fundi. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Basi mama wa Kaloleni hakukosea alipoogopa, kwa maana anayekaribishwa kutia kitasa nyumbani huijua nyumba ile kuliko jirani.

Hata hivyo, shauri hili lina upande wa pili. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kufungua vitasa ni uchawi, na ya kuwa ingalikuwa heri siri yake ifichwe kabisa. Lakini kitasa si uchawi. Tangu zamani sana watu wa Misri walitumia vitasa vya mti. Ndani yake vipande vidogo vya mti huanguka kwa uzito wao katika matundu ya komeo, na komeo lisiweze kuvutwa. Ufunguo wa mti wenye meno huviinua vipande vyote kwa kimo kinachotakiwa, na mara komeo huwa huru. Katika miaka ya 1861 na 1865 Linus Yale wa Marekani alipata hati za uvumbuzi wa kitasa kilichofuata mpango huo huo kwa madini: vijiti vidogo vinavyosukumwa na kamani, na ufunguo mdogo ulio bapa. Vitasa vingi vya milango ya leo ni watoto wa kitasa hicho. Na kila kitasa kinachotii meno ya ufunguo chaweza pia kutii mkono wa fundi mwenye subira, kwa kuwa vijiti vile havimjui mwenye nyumba. Huvijua vimo tu.

Je, ni heri ujuzi huu ukifichwa? Mambo yaliyotokea Uingereza yanatoa jibu. Mwaka wa 1817 bohari za serikali katika bandari ya Portsmouth zilivunjwa na wezi, na serikali ikaahidi zawadi kwa mtu atakayeunda kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake. Mwaka uliofuata Jeremiah Chubb alileta kitasa ambacho, mtu akikijaribu kwa ufunguo usio wake, kilijikaza na kumjulisha mwenyewe kwamba kimechezewa. Inasimuliwa kwamba alikuwako mfungwa mmoja, ambaye kabla ya kufungwa alikuwa fundi wa vitasa, akajigamba kwamba atakifungua. Aliahidiwa msamaha na pauni 100 akifaulu. Alijaribu kwa muda wa miezi, akashindwa.

Fundi mwingine wa London, Joseph Bramah, alikuwa ameunda kitasa cha namna nyingine mwaka wa 1784. Kimoja cha vitasa vyake kiliwekwa dirishani mwa duka la Piccadilly, pamoja na tangazo kwamba atakayetengeneza chombo cha kukifungua atapewa gini 200. Watu walipita wakisoma tangazo lile kwa zaidi ya miaka arobaini, na wengi waliamini kwamba hakuna binadamu awezaye. Ndipo mwaka wa 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, alipofika Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs. Kitasa cha Chubb alikifungua kwa dakika 25 mbele ya mashahidi. Kitasa cha Bramah kilimchukua saa 51 za kazi, zilizogawanywa kwa siku nyingi, nacho pia kikafunguka. Akalipwa gini zake 200.

Watu walikasirika. Wako waliosema kwamba Hobbs amewafundisha wezi. Hobbs naye alishikilia kwamba wezi hawahitaji mwalimu, kwa kuwa hao huitafuta siri usiku na mchana. Asiyejua udhaifu wa kitasa chake ni mwenye nyumba mwaminifu, naye ndiye wa kuambiwa. Baada ya hapo watengenezaji walilazimika kuvirekebisha vitasa vyao. Basi yaonekana kwamba kuficha ujuzi hakumlindi mtu, bali humpa usingizi wa uongo. Ikumbukwe pia kwamba Hobbs hakukifungua kitasa cha mtu gizani. Alikifungua kwa idhini, mbele ya mashahidi, kwa masharti yaliyokubaliwa. Hapo ndipo palipo mpaka baina ya fundi na mwizi: mikono yaweza kufanya kazi ile ile, lakini mmoja ameitwa na mwenye mali, mwingine hakuitwa.

Sheria ya Kenya nayo imeuweka mpaka huo hapo hapo. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, "kuvunja" nyumba si kubomoa mlango peke yake. Mtu afunguaye mlango kwa ufunguo, au kwa kuusukuma, au kwa kuuinua, au kwa njia yoyote nyingine, amehesabiwa kuwa amevunja. Akivunja nyumba ya kukaa watu na kuingia kwa nia ya kutenda kosa kubwa, aweza kufungwa miaka 7. Na ikiwa ni usiku, miaka 10. Na usiku kwa sheria hiyo huanza saa kumi na mbili na nusu za jioni na kwisha saa kumi na mbili na nusu za asubuhi. Fauka ya hayo, ni kosa mtu kuwa nje ya makao yake na chombo cha kutumiwa katika kuvunja nyumba, kuiba au kudanganya. Vyombo vya fundi vyaweza kufanana sana na vyombo hivyo. Mchana, juu ya meza yake, kila mtu hujua ni vya kazi. Usiku, katika mkoba, njiani asikojulikana, itambidi aeleze.

Mambo haya kijana wa Kaloleni hakuyajua alipofika Mwembe Tayari. Katika juma la kwanza alijifunza kazi isiyo na hatari: kuushika ufunguo katika mashine, kuunakili, na kulainisha meno yake kwa tupa. Siku ya nne alikuja mtoto wa miaka kama kumi na miwili, naye amebeba kipande cha sabuni kilichofungwa katika karatasi. Juu ya sabuni ile palikuwa na alama ya ufunguo iliyopigwa vizuri.

"Nimetumwa," alisema mtoto. "Nimeambiwa mnitengenezee ufunguo kama huu."

Kijana alikwisha nyosha mkono kuchukua ufunguo usiochongwa. Mjomba alimzuia kwa upole, akamwambia mtoto, "Mwanangu, mwambie aliyekutuma aje mwenyewe na ufunguo wenyewe." Mtoto akaenda zake, wala hakurudi, wala aliyemtuma hakuonekana. Mjomba akamweleza mpwa wake kwamba mwenye ufunguo halali hana haja ya kuupiga chapa katika sabuni, huuleta mkononi. Siku hizi, akaongeza, hata sabuni haihitajiki. Picha iliyo wazi, iliyopigwa kwa simu, yaweza kumtosha fundi hodari kuhesabu vimo vya meno. Kwa sababu hiyo yeye hachongi ufunguo kwa picha, na huwaonya wateja wake wasiache funguo zao wazi mezani mbele ya wageni.

Shida kubwa zaidi haitoki kwa mwizi anayejulikana kuwa mwizi. Hutoka kwa mtu mwenye nusu ya haki. Mwenye nyumba ya kupangisha huja, na mpangaji wake amechelewa kulipa kodi. Ataka kitasa kibadilishwe mpangaji akiwa kazini. Nyumba ni yake kweli, lakini makao ni ya mpangaji, na kugombea makao hayo kuna njia zake mbele ya baraza la kodi au korti. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya kutopekuliwa nyumba yake wala mali yake kukamatwa ovyo. Mume huja, ataka mke afungiwe nje. Au mke huja, ataka mume afungiwe nje. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 yasema kwamba mume au mke hafukuzwi na mwenziwe katika nyumba ya ndoa wakati ndoa ingaliko, ila kwa amri ya korti. Ndugu wa marehemu huja kabla ya matanga kwisha, wataka sanduku au chumba kifunguliwe. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, yakataza mtu asiyeruhusiwa kujiingiza katika mali ya marehemu, na kufanya hivyo ni kosa. Katika mambo hayo yote mteja aweza kusema kweli tupu asemapo, "Ni yangu," na bado asiwe na haki ya kufunguliwa.

Katika juma la tatu jambo la namna hiyo lilitokea. Ilikuwa saa moja usiku, na mjomba alikuwa akikusanya vyombo. Bwana mmoja alishuka katika tuktuk, amevaa vizuri, akasema amepoteza ufunguo wa nyumba yake Kisauni. Alitaja malipo yaliyokuwa mara tatu ya desturi. Mjomba alimwomba kitambulisho, akamwuliza ni jirani gani anayeweza kumshuhudia. Bwana yule alibadilika uso.

"Fundi, wewe ni askari?" aliuliza. "Nyumba ni yangu. Kodi nalipa mimi. Mke wangu amenifungia nje, na leo hayuko. Nataka kuingia kwangu, basi."

"Sikukatai, bwana," alijibu mjomba. "Lakini twende kwanza kwa mzee wa mtaa. Akisema fungua mbele yake, nitafungua, wala sitakutoza zaidi ya bei yangu."

Bwana yule aliondoka kwa hasira akisema kwamba mafundi ni wengi Mombasa. Na kweli walikuwa wengi. Siku ya pili habari ilifika sokoni. Mlango ule ulifunguliwa usiku ule ule na fundi mwingine. Vitu vya mke vilichukuliwa, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mke alikwenda kuripoti, na polisi walikuwa wakimtafuta fundi, ambaye hakulijua hata jina la mteja wake.

Kijana alikaa kimya kutwa. Jioni akamwuliza mjomba wake, "Mjomba, kukataa kwetu kumefaa nini? Mlango ulifunguliwa vile vile."

Mjomba alifikiri kabla ya kujibu. "Hakukumfaa yule bibi," alisema. "Kulitufaa sisi tu, na hilo si jambo la kujivunia. Nilifikiri nimemaliza wajibu wangu nilipotikisa kichwa. Ningalimpigia simu mzee wa mtaa pale pale, angalikwenda kubisha hodi mapema. Siku nyingine nitafanya hivyo."

Wako watakaosema kwamba fundi hakupewa kazi ya ulinzi, na ya kuwa kuchunguza ugomvi wa watu si juu yake. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana fundi anayejifanya hakimu wa kila nyumba atawaudhi watu wema wengi, na mvua haimngoji mtu aliyefungiwa nje na watoto wake. Lakini fundi aliyekwisha kuonyeshwa dalili za hatari hawezi kusema kwamba hakuona. Na kuna wakati kusitasita ndiko kunakokuwa kosa: mtoto akifungiwa ndani na jiko linawaka, au mgonjwa akilia nyuma ya mlango, hapo hufungua kwanza na kuandika baadaye, huku amewaita majirani washuhudie.

Hatari nyingine ni ya mwili, nayo haina budi kutajwa. Katika miji ya Kenya neno moja, "Mwizi!", laweza kuukusanya umati kwa muda mfupi, na watu wamewahi kupigwa hata kufa kabla mtu yeyote hajauliza jambo. Fundi aliyepiga goti mbele ya mlango wa nyumba asiyoijua, mwenye vyombo mkononi na taa ndogo kinywani, afanana sana na yule ambaye umati unamtafuta. Kwa hiyo fundi mwenye busara haendi peke yake usiku, na hagusi mlango kabla jirani au mlinzi hajajua ni nani na amekuja kufanya nini. Ushahidi huo humlinda mwenye nyumba dhidi ya fundi, na humlinda fundi dhidi ya umati.

Basi kijana anayetaka kazi hii na ajipime kwa mambo matano. La kwanza, ajifunze kwa fundi anayejulikana, mwenye mahali pa kazi, wala si kwa mtu wa kukutana naye vichochoroni. La pili, ajipatie cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi, ili amwonyeshe mteja kabla hajaulizwa. La tatu, awe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jina la fundi ni mali. Katika jimbo la California, huko Marekani, fundi wa vitasa hupimwa kwa alama za vidole kabla ya kupewa leseni, na amfunguliapo mtu mlango hutakiwa kuandika jina la mteja, makao yake na namba ya kitambulisho chake, na kuitunza karatasi hiyo kwa miaka miwili. Fundi wa Mwembe Tayari aweza kufanya vivyo hivyo kwa hiari yake. Kwa magari, aangalie pia hati ya umiliki, ambayo watu huiita logibuku, kwa kuwa ufunguo wa gari la kisasa una kifaa cha elektroniki ndani yake, na anayeweza kukiandaa kifaa hicho amekabidhiwa gari zima.

La nne, daftari hilo alifungie. Kitabu chenye majina ya watu, mitaa yao na namna ya vitasa vyao ni hazina kwa mwizi kuliko funguo mia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 yamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde, naye fundi asijione mdogo mno kwa sheria hiyo. La tano, azuie macho na ulimi. Akiingia ndani ya nyumba na kuona kilichomo, akisahau. Asikieleze mkahawani, wala asimweleze mkewe. Kijana asiyeweza kutunza siri ndogo ya rafiki yake na atafute kazi nyingine. Zipo nyingi zilizo njema, wala si aibu.

Mwezi ulipokwisha mama alifika Mombasa. Alishuka kwenye matatu na sanduku la bati lenye kufuli kubwa, akaliweka juu ya meza ya kaka yake. Lilikuwa la marehemu mumewe, aliyefariki mwaka uliotangulia. Ufunguo haukuonekana tangu siku ya mazishi. Katika ukoo yalikuwa yameanza maneno ya chini kwa chini kwamba mjane ameficha karatasi za shamba.

"Mwanangu," alisema, "kama umejifunza kitu, kifungue hiki. Nataka nizione karatasi hizo kwa macho yangu."

Kijana alikwisha chukua chombo chake. Kisha akakirudisha mezani.

"Mama," alisema, "sanduku hili ni la nani?"

"La baba yako. Hulijui?"

"Nalijua. Basi baba mdogo na awepo, na mzee wa kijiji. Nitakuja nyumbani Jumamosi."

Mama alimtazama kaka yake, lakini kaka yake alikuwa akipangusa tupa na hakusema neno. "Mwezi mmoja tu," alisema mama kwa uchungu, "na mama yako umekwisha mfanya mgeni?" Akalichukua sanduku lake, akapanda matatu, akarudi nalo Kaloleni.

Jumamosi watu walikaa chini ya mwembe: mama, shemeji zake wawili, mzee wa kijiji na mjomba. Kijana alipiga magoti mbele ya sanduku, akafanya kazi kwa muda wa robo saa. Kufuli ikafunguka, nayo haikuvunjika. Akasimama, akarudi nyuma hatua tatu, akageuka kutazama migomba. Mama na baba mdogo ndio walioinua kifuniko. Karatasi za shamba zilikuwamo, pamoja na stakabadhi za karo na shati moja la marehemu lililokunjwa. Mzee wa kijiji alizisoma karatasi moja moja kwa sauti, kila mtu akasikia, na baba mdogo alikuwa wa kwanza kusema kwamba hakuna kilichopungua.

Watu walipoondoka, mama aliichukua kufuli ile akampa mwanawe.

"Nichongee ufunguo mpya," alisema. "Na jina langu uliandike katika daftari lenu, kama la watu wengine."

Jumatatu asubuhi kijana alirudi Mwembe Tayari na kufuli hiyo mfukoni.